Ombi, Kichwa na Kigezo: Nafasi ya Kiswahili katika Majaribio ya Mzigo wa Tovuti

1.0 Utangulizi

Katika miongo mitatu iliyopita sehemu kubwa ya hazina ya Kiswahili imehamia mtandaoni. Kamusi hai ya Kiswahili katika intaneti, iliyoasisiwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, ilikuwa miongoni mwa hatua za mwanzo. Mwaka 2003 ensaiklopidia huru ya Wikipedia ilianza kuwa na toleo la Kiswahili. Leo makusanyo ya matini, magazeti, picha za miswada ya kale na kamusi za aina mbalimbali husomwa kwa kompyuta na kwa simu ya mkononi. Wahenga walisema kuwa ukiona vyaelea, ujue vimeundwa. Msomaji anayeandika neno katika kisanduku cha kutafutia na kupata maana yake mara moja haoni kazi iliyofanyika nyuma ya kioo.

Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: je, hazina hizo zitahimili siku wasomaji watakapozijia wote kwa pamoja? Siku ya namna hiyo si ya kubuni. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na siku kama hiyo walimu, wanafunzi na waandishi wa habari huweza kuifungua kamusi ileile katika saa ileile. Hali kadhalika, juma la mitihani huweza kuleta wasomaji wengi kuliko mwezi mzima wa likizo. Kamusi ikinyamaza siku hiyo, anayepata hasara si fundi wa mitambo peke yake. Mwanafunzi aliyekosa jibu la Kiswahili atakwenda kutafuta jibu kwa lugha nyingine, na huenda asirudi.

Mafundi hujiandaa kwa siku kama hizo kwa kufanya jaribio la mzigo. Mhadhara huu unaeleza jinsi jaribio hilo linavyotuma maombi kwa seva, na hasa sehemu mbili za ombi: vichwa na vigezo vya ulizo. Hoja inayojengwa ni kwamba jaribio la mzigo ni tendo la lugha kabla ya kuwa tendo la hesabu. Ombi lisilosema kama wasemavyo watumiaji hupima kitu kingine, hata kama takwimu zake ni nzuri. Kwa tovuti ya Kiswahili, kasoro hiyo haiwezi kurekebishwa na fundi asiyekuwa na mtaalamu wa lugha karibu naye.

2.0 Ufafanuzi wa dhana

2.1 Ombi

Kivinjari na seva huzungumza kwa itifaki iitwayo HTTP, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN karibu na Geneva. Katika toleo la awali la mwaka 1991, ombi lilikuwa mstari mmoja tu: neno GET na anwani ya ukurasa unaotakiwa. Halikueleza nani anaomba, anasoma lugha gani, wala chombo chake kina uwezo gani. Toleo la 1.0, lililochapishwa mwezi Mei 1996, lilieleza rasmi vichwa vinavyoandamana na ombi. Toleo la 1.1, lililotolewa mwaka 1997 na kupitiwa upya mwaka 1999, liliviongeza na kuvipanga. Kanuni za maana zinazotumika sasa zilichapishwa mwezi Juni 2022.

Ombi la mtu anayetafuta neno kitabu katika kamusi huweza kuwa hivi:

GET /tafuta?neno=kitabu&aina=nomino HTTP/1.1
Host: kamusi.example
Accept-Language: sw-TZ,sw;q=0.9,en;q=0.5
Accept-Encoding: gzip
User-Agent: Jaribio-la-Mzigo/1.0

Muundo huu hauko mbali na barua rasmi ya Kiswahili. Barua ina anwani ya mpelekewa, anwani ya mwandishi, kumbukumbu namba na mstari wa kichwa cha habari kabla ya kufika kwenye kiini. Karani wa masjala huijua barua iende wapi na ijibiwe vipi kwa kusoma sehemu hizo. Vichwa vya ombi hufanya kazi hiyohiyo: kila kimoja kina jina, nukta mbili, na thamani.

Vigezo vya ulizo vimo katika mstari wa kwanza. Huanza baada ya alama ya kuuliza, na kila kigezo kina jina, alama ya usawa na thamani. Kigezo kimoja hutengwa na kingine kwa alama ya &, ambayo asili yake ni kiunganishi cha Kilatini chenye maana ya "na". Hivyo basi, ombi lililo hapo juu husomeka: tafuta, neno ni kitabu, na aina ni nomino. Kwa ufupi, vigezo hueleza kinachoulizwa, na vichwa hueleza anayeuliza na namna anavyotaka kujibiwa.

2.2 Jaribio la mzigo

Jaribio la mzigo ni zoezi la kuipelekea seva maombi mengi kwa mpango maalumu ili kupima muda wa kujibu, idadi ya majibu yenye makosa, na kiwango ambacho huduma huanza kulemewa. Kazi hii hufanywa na programu, si na watu. Programu ya JMeter ya jumuiya ya Apache imekuwapo tangu mwaka 1998, na baadaye zimekuja Gatling, Locust, k6 na nyingine. Zote hufanya jambo moja: huigiza wasomaji. Thamani ya zoezi hutegemea uaminifu wa maigizo hayo.

3.0 Vichwa: lugha ya anayeomba

Kichwa kinachowahusu zaidi wanafunzi wa lugha ni Accept-Language. Kichwa hiki huieleza seva lugha ambazo msomaji angependa kujibiwa, kwa mpangilio wa uzito. Katika mfano uliotangulia, Kiswahili cha Tanzania hakikutajiwa uzito, kwa hiyo kina uzito kamili wa 1. Kiswahili cha popote kina uzito wa 0.9, na Kiingereza kina 0.5. Seva iliyoundwa vizuri husoma orodha hiyo na kuchagua ukurasa unaofaa.

Hapa ndipo mjadala wa lahaja na upangaji wa lugha unapoingia moja kwa moja katika mitambo. Msimbo sw hutoka katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-1. Orodha pana zaidi ya ISO 639-3 huuchukulia msimbo huo kuwa mwavuli wenye lugha mbili chini yake: swh, yaani Kiswahili cha pwani na cha sanifu, na swc, yaani Kiswahili cha Kongo. Wanaisimu wanaweza kubishana kuhusu mgawanyo huo, lakini seva haibishani, hulinganisha herufi. Utaratibu wa kawaida, uliochapishwa mwaka 2006, ni kukata msimbo kutoka mwishoni hadi upatikane unaolingana. Msimbo sw-CD ukikatwa hubaki sw, na msomaji wa Lubumbashi hupewa Kiswahili. Msimbo swc hauna cha kukatwa. Seva inayofuata utaratibu huo bila maandalizi zaidi haitaona uhusiano wowote kati ya swc na sw, nayo itatoa lugha yake ya msingi, ambayo mara nyingi ni Kiingereza.

Tatizo ni kwamba kosa hilo haliitwi kosa. Seva itajibu kwa namba 200, ambayo katika itifaki ina maana ya "sawa". Programu ya majaribio itahesabu jibu hilo miongoni mwa yaliyofaulu. Ripoti itaonyesha maombi elfu kumi na makosa sifuri, ilhali hakuna hata ukurasa mmoja uliosomeka kwa lugha iliyoombwa. Hali huwa mbaya zaidi pale mjaribu asipotuma kichwa hicho kabisa. Programu nyingi za majaribio hazitumi Accept-Language zisipoagizwa. Hivyo jaribio zima hufanyika kwa lugha ya msingi ya seva, na kurasa za Kiswahili, ambazo ndizo sababu ya tovuti kuwapo, hazijaguswa.

Kichwa hiki kina uhusiano pia na akiba ya muda. Akiba ya muda ni mahali ambapo majibu yaliyokwisha kuandaliwa huhifadhiwa ili ombi linalofanana lijibiwe haraka, bila kurudi kwenye kanzidata. Ili akiba isimpe msomaji wa Kiswahili ukurasa wa Kiingereza, jibu la seva hutakiwa kuwa na kichwa kiitwacho Vary, kinachotaja kuwa jibu hubadilika kulingana na Accept-Language. Kikisahauliwa, msomaji wa kwanza wa asubuhi ndiye anayewachagulia lugha wote watakaomfuata. Kasoro hii haionekani kwa mtu mmoja anayefungua ukurasa mmoja. Huonekana tu pale maombi ya lugha mbalimbali yanapochanganywa na kutumwa kwa wingi, yaani katika jaribio la mzigo lililoandaliwa kwa vichwa sahihi.

Vichwa vingine vinaweza kupitiwa kwa haraka. Accept-Encoding hueleza kama kivinjari kinaweza kupokea jibu lililobanwa; kikikosekana, seva hutuma jibu lote bila kulibana, kwa hiyo njia ya mtandao hulemewa kuliko hali halisi huku kazi ya kubana ikibaki bila kupimwa. Vidakuzi humtambulisha msomaji aliyejiandikisha, na kwa kawaida maombi yenye vidakuzi hayajibiwi kutoka katika akiba ya pamoja. Kichwa Referer hutaja ukurasa aliotoka msomaji. Kichwa hicho kina kisa kinachowagusa wanaleksikografia: jina lake lilikosewa tahajia ya Kiingereza, ambayo ilitakiwa kuwa na r mbili katikati, likachapishwa hivyo katika waraka wa mwaka 1996, na halijasahihishwa mpaka leo. Anayelisahihisha katika jaribio lake hatasikika, kwa kuwa seva husubiri kosa lililozoeleka. Usanifu, hata katika mitambo, ni makubaliano kabla ya kuwa usahihi.

4.0 Vigezo vya ulizo: neno linaloulizwa

4.1 Herufi na usimbaji

Kanuni za anwani za wavuti, zilizochapishwa mwezi Januari 2005, huruhusu herufi chache tu za alfabeti ya Kirumi, tarakimu na baadhi ya alama. Kisichoruhusiwa husimbwa: kila baiti huandikwa kwa alama ya asilimia ikifuatwa na tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita. Nafasi kati ya maneno, kwa mfano, huwa %20, au alama ya kujumlisha inapotoka katika fomu ya ukurasa.

Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi huonekana kuwa salama, kwa kuwa hakina herufi zenye alama juu yake. Usalama huo huishia kwenye sauti ya ng'. Kibainishi cha ng'ombe, ng'ambo na ng'oa huweza kuandikwa kwa alama zaidi ya moja. Alama iliyonyooka ya baobonye za kompyuta huachwa kama ilivyo au husimbwa kuwa %27. Alama iliyopinda, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe bila kuombwa, husimbwa kuwa %E2%80%99. Alama nyingine, ambayo mfumo wa Unicode huihesabu kuwa herufi na si alama ya uandishi, husimbwa kuwa %CA%BC. Kwa jicho la msomaji neno ni moja. Kwa seva ni maneno matatu. Kamusi isiyoyapatanisha itamjibu mwenye kompyuta kuwa ng'ombe ni mnyama, na kumjibu mwenye simu kuwa neno halikupatikana.

Matini za hati ya Kiarabu huleta jambo jingine. Katika mfumo wa UTF-8 kila herufi ya hati hiyo huchukua baiti mbili, na kila baiti husimbwa kwa alama tatu. Neno salamu lililoandikwa kwa herufi nne, yaani sin, lam, alif na mim, huwa %D8%B3%D9%84%D8%A7%D9%85, alama 24 kwa jumla. Anayetafuta ubeti mzima katika makusanyo ya miswada hutuma anwani ndefu sana, na seva nyingi zina ukomo wa urefu wa anwani zinazoupokea. Jaribio lililotumia maneno mafupi ya herufi za Kirumi pekee halitaufikia ukomo huo; msomaji wa tenzi ataufikia.

Mtego wa mwisho katika sehemu hii ni kusimba mara mbili. Mjaribu huandaa orodha ya maneno yaliyokwisha kusimbwa, kisha programu huyasimba tena, na alama ya asilimia yenyewe hugeuka %25. Kibainishi kilichokuwa %27 huwa %2527. Seva hutafuta neno lisilokuwapo, hujibu upesi kuwa halikupatikana, na jaribio huripoti kasi ya kupendeza. Kasi hiyo ni ya kukosa, si ya kupata.

4.2 Mofolojia na akiba ya muda

Kiini cha suala zima kiko katika umbo la neno la Kiswahili. Kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kupenda kina maumbo manne ya kawaida. Kitenzi penda kikipewa viambishi nafsi sita na viambishi vinne vya njeo na hali, yaani -na-, -li-, -ta- na -me-, hutoa maumbo 24. Kikiongezewa viambishi sita vya nafsi ya yambwa, hutoa mengine 144 kabla ya kuondoa miungano isiyotumika. Jumla ni maumbo 168, na hapo ukanushi, ngeli, virejeshi na mnyambuliko wa pendwa, pendana, pendeza na pendelea havijahesabiwa.

Mwanafunzi mzoefu hutafuta penda. Mgeni wa lugha, ambaye ndiye anayeihitaji kamusi zaidi, hunakili neno kama alivyolikuta: waliompenda, hatukupendana, nikimpendelea. Kila umbo ni kigezo tofauti, na kila kigezo tofauti ni ombi jipya mbele ya akiba ya muda. Akiba hutambua anwani zilizolingana herufi kwa herufi. Haijui kuwa maumbo hayo yote yana mzizi mmoja. Zaidi ya hayo, umbo lililonyambuliwa huitaka seva ifanye uchanganuzi wa kimofolojia kabla ya kuingia katika kanzidata, kazi iliyo nzito kuliko kulisoma neno lililo tayari.

Athari yake inaweza kuonyeshwa kwa hesabu ndogo yenye tarakimu za kufikirika. Ichukuliwe kwamba akiba hujibu kwa milisekunde 5, na kanzidata hujibu kwa milisekunde 200. Mjaribu anayerudia neno kitabu mara elfu moja huenda akajibiwa na akiba katika maombi 99 kwa kila 100. Wastani wa muda wake ni chini kidogo ya milisekunde 7. Mjaribu mwingine anayetumia maneno kama wanavyoyaandika watu huenda akapata akiba katika maombi 40 tu kwa kila 100. Wastani wake ni milisekunde 122. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye kanzidata: katika jaribio la kwanza hupokea ombi moja kwa kila 100, na katika la pili hupokea 60. Ikiwa kanzidata hiyo inaweza kuhudumia maombi 10 kwa sekunde, jaribio la kwanza litatangaza kuwa kamusi inahimili maombi 1,000 kwa sekunde. Jaribio la pili litaonyesha kuwa inalemewa baada ya maombi 16.

Seva ni ileile na kanzidata ni ileile. Kilichobadilika ni maneno. Taasisi iliyoiamini namba ya kwanza itaingia katika siku ya msongamano ikiwa na uhakika usio na msingi.

4.3 Mgawanyo wa marudio

Je, orodha ya maneno ya jaribio itoke wapi? Njia rahisi ni kuchukua vidahizo vyote vya kamusi na kuvituma kwa zamu, kila kimoja mara moja. Njia hiyo hukosea upande wa pili, kwa kuwa katika matumizi halisi maneno hayana nafasi sawa. Mwanaisimu wa Marekani George Kingsley Zipf alieleza kuwa katika matini ndefu neno linaloongoza kwa marudio hutokea takriban mara mbili ya neno la pili, na takriban mara tatu ya neno la tatu. Maneno machache hurudiwa mno, na mengi hutokea mara moja tu. Anayetuma vidahizo vyote kwa usawa huinyima akiba nafasi ya kusaidia. Anayetuma neno moja huipa nafasi isiyostahili.

Hata hivyo, marudio katika makusanyo ya matini hayalingani moja kwa moja na marudio ya maulizo. Maneno ya, wa na na huongoza katika matini yoyote ya Kiswahili, lakini ni watu wachache wanaoyatafuta katika kamusi. Shahidi bora ni kumbukumbu za tovuti yenyewe, baada ya kuondolewa kila kinachoweza kumtambulisha msomaji. Kwa tovuti mpya isiyokuwa na kumbukumbu, orodha hutungwa. Mtungaji anayefaa ni anayejua makosa ya wanafunzi wa lugha, maneno ya mitaala, tofauti za tahajia kati ya nchi, na mchanganyiko wa l na r au wa th na dh katika maandishi ya watu. Hiyo ni kazi ya mwanaisimu.

5.0 Uandaaji wa jaribio

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, jaribio la tovuti ya Kiswahili linaweza kuandaliwa kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, maneno huwekwa katika faili, neno moja kwa kila mstari, yakiwa katika maandishi ya kawaida yasiyosimbwa. Programu husoma mstari mmoja kwa kila ombi na kuusimba mara moja tu. Faili iwe na maumbo yaliyonyambuliwa, vibainishi vya aina zote, maneno yenye makosa ya kawaida, na yasiyokuwamo katika kamusi.

Pili, vichwa hupangwa kwa makundi. Kundi moja litume sw-TZ, jingine sw-KE, jingine sw-CD, jingine swc, na jingine lisitume lugha yoyote. Ukubwa wa kila kundi ulingane na wasomaji wanaotarajiwa. Kichwa User-Agent kitaje wazi kuwa hilo ni jaribio, ili msimamizi wa seva aweze kulitambua na kulizuia likileta madhara.

Tatu, jibu lisomwe. Namba 200 peke yake haitoshi. Programu iagizwe kuthibitisha kuwa kichwa Content-Language cha jibu, kama seva hukitoa, kinataja Kiswahili, na kuwa ndani ya ukurasa limo neno linalotarajiwa. Jibu la Kiingereza kwa ombi la Kiswahili lihesabiwe kuwa kosa.

Nne, maombi yapelekwe kwa kasi ya wasomaji, si kwa kasi ya seva. Katika mfumo uliofungwa, kila msomaji wa kuigizwa husubiri jibu kabla ya kuuliza tena. Seva ikichelewa, maombi hupungua yenyewe, na ulemavu wake hufichika. Katika mfumo ulio wazi, maombi huja kwa kasi iliyopangwa bila kujali yaliyotangulia, kama abiria wanavyozidi kufika kituoni hata kama daladala haijatokea. Uchunguzi wa Schroeder, Wierman na Harchol-Balter wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa mifumo hiyo miwili huweza kutoa matokeo yaliyo mbali sana kwa seva ileile. Kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961 husaidia kukadiria: idadi ya maombi yaliyomo ndani ni zao la kasi ya kuingia na muda wa kukaa. Maombi 40 kwa sekunde yanayojibiwa kwa nusu sekunde huweka maombi 20 ndani kwa wakati mmoja. Muda ukifika sekunde 3, yaliyomo huwa 120, na kila moja linahitaji nafasi katika kumbukumbu ya seva.

Tano, matokeo yasomwe kwa makundi. Maombi yenye vigezo tofauti lakini kazi moja yakusanywe chini ya jina moja, la sivyo ripoti itakuwa na maelfu ya mistari isiyosomeka. Makundi ya lugha, kwa upande mwingine, yatengwe. Wastani wa jumla huweza kupendeza ilhali kundi la swc lote limejibiwa kwa lugha lisiyoiomba. Ni afadhali kuyapanga majibu mia kutoka la haraka hadi la polepole na kutazama la tisini na tano, kwa kuwa wastani humficha msomaji aliyesubiri kuliko wote.

Zipo pia taratibu za kimaadili. Jaribio hufanywa kwa seva ya mwenyewe au kwa idhini ya mwenyewe. Bila idhini halitofautiani na shambulio. Aidha, nywila na vitambulisho visiwekwe katika vigezo vya ulizo, kwa sababu anwani nzima huandikwa katika kumbukumbu za seva na huweza kusomwa na wengi.

6.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kuwa ombi la wavuti lina sehemu zinazofanana na usemi wa kawaida: kuna anayesema, lugha anayoitaka, na jambo analouliza. Jaribio la mzigo linaloondoa sehemu hizo hupata wingi bila maana. Kwa lugha yenye maumbo machache ya maneno, upungufu huo unaweza kusameheka kwa kiasi. Kwa Kiswahili, ambacho mzizi mmoja huzaa mamia ya maumbo, kibainishi kimoja huandikwa kwa namna tatu, na msimbo wa lugha hutofautiana kati ya pwani na Kongo, upungufu huo huigeuza ripoti nzima kuwa picha ya tovuti nyingine.

Idara za Kiswahili zina kitu ambacho maabara za kompyuta hazina: orodha za marudio ya maneno, uchanganuzi wa mofolojia, na ujuzi wa namna watu wanavyoandika hasa. Faili ya maneno elfu chache, iliyotungwa kwa uangalifu na wanafunzi wa isimu katika muhula mmoja, inaweza kumwonyesha fundi udhaifu ambao asingeuona kwa vifaa vyake pekee. Faili hiyo ikikabidhiwa mwezi Mei, bado upo muda wa kurekebisha kabla ya tarehe 7 Julai.